Rubato: wakati unaibwa kwa nani, na nani anaurudisha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa, na sasa ninajiandaa kwa mtihani wa piano. Kipande nilichopangiwa ni Nokturno ya Chopin, mtunzi wa Poland, opus 9 namba 2, na karibu na mwisho wake pameandikwa maneno "poco rubato". Mwalimu wangu wa kwanza aliniambia kwamba rubato ni kupiga unavyojisikia bila kubanwa na mapigo. Mwalimu niliye naye sasa anasema mkono wa kushoto usiyumbe hata kidogo. Nani kati yao yuko sahihi? Neno hili limetoka wapi, na kwa nini linataja wizi? Je, ninaweza kulitumia ninaposindikiza kwaya?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Walimu wako hawabishani bure. Neno rubato limebeba maana mbili tangu zamani, na kila mmoja wao amerithi moja. Huwezi kuamua ufuate ipi katika nokturno yako mpaka ujue kila maana ilizaliwa wapi, ndiyo maana nitaanza na historia kabla ya kufika kwenye vidole.

Rubare ni kitenzi cha Kiitaliano chenye maana ya kuiba au kunyang'anya, na rubato ni kilichoibwa. Waitaliano walikipata kitenzi hicho kutoka kwa makabila ya Kijerumani ya kale, na ndugu zake wako hai hadi leo: Kijerumani kina rauben na Kiingereza kina rob. Tempo limetokana na neno la Kilatini tempus, yaani wakati, na katika muziki likachukua maana ya mwendo wa mapigo. Istilahi kamili, basi, ni tempo rubato, wakati ulioibwa, na rubato peke yake ni ufupisho wa mazoea. Poco ni kidogo. Kwa hiyo pale kwenye nokturno yako mtunzi amekuruhusu uibe kidogo, na swali linalobaki ni uibe kutoka wapi.

Anayetajwa kwa kawaida kuwa wa kwanza kuupa wizi huu jina ni Pier Francesco Tosi, mwimbaji wa Italia, mmoja wa wale waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike. Mwaka 1723, akiwa mzee, alichapisha mjini Bologna kitabu cha maoni yake juu ya waimbaji wa kale na wa siku zake, na humo akaandika juu ya rubamento di tempo, yaani kuiba wakati. Anasema kwamba mwimbaji asiyejua kuiba wakati amekosa ladha iliyo bora kabisa, na kwamba katika nyimbo za majonzi wizi huo ni wizi wenye fahari kwa yule anayeimba vizuri kuliko wenzake, mradi akili na ustadi wake virudishe kilichoibwa kwa namna ya kupendeza. Ninaomba uisome tena sehemu hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Tosi hakumpa mwimbaji ruhusa ya kuchukua tu. Alimpa ruhusa yenye sharti la kurudisha, na sharti hilo lina maana pale tu ambapo kuna kitu kingine kinachoendelea kuhesabu wakati huku mwimbaji akichelewa au akitangulia.

Kitu hicho kilikuwa besi. Nyimbo za enzi ya Tosi ziliimbwa juu ya mstari wa besi uliopigwa na sello au ala nyingine nzito, pamoja na kinanda cha nyuzi kilichojaza akordi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, na mstari huo ulitembea kwa hatua zilizo sawa. Johann Ernst Galliard, aliyekitafsiri kitabu cha Tosi mjini London mwaka 1742, aliongeza maelezo yake hapo: besi inakwenda kwa mwendo wake wa kawaida, sauti ya juu inachelewa au inatangulia kwa ajili ya hisia, kisha inarudi kwenye usahihi wake ili iongozwe tena na besi. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya rubato, na kwa takriban karne nzima ndiyo iliyotawala. Anayeibiwa si saa, wala si mpigaji mwenzako. Nota moja ya melodia inaiibia nota jirani yake, na deni linalipwa ndani ya kipimo kilekile, yaani fungu lilelile la mapigo, au katika kinachofuata.

Kutoka kwa waimbaji jambo hili liliwafikia wapiga ala, na hapa kuna ushahidi wa baba na mwana ambao mimi huupenda sana. Leopold Mozart, katika kitabu chake cha kufundishia fidla kilichochapishwa Augsburg mwaka 1756, aliwaonya wasindikizaji wasimsubiri fundi wa kweli anapochelewesha nota zake, kwa kuwa wakimsubiri watamharibia rubato yake; akaongeza kwamba wakati huo ulioibwa ni rahisi kuuonyesha kuliko kuueleza. Mwaka huohuo alizaliwa mwanawe Wolfgang. Oktoba 1777 kijana huyo, akiwa palepale Augsburg, alimwandikia baba yake barua akisema kwamba watu wanashangaa jinsi anavyoshika mapigo kila wakati, na kwamba hawaelewi kabisa kuwa katika tempo rubato ya kipande cha polepole mkono wa kushoto haupaswi kujua lolote kuhusu kinachofanywa na wa kulia; kwao mkono wa kushoto hulegea na kufuata. Msindikizaji aliyezungumziwa na baba sasa amekuwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda mmoja, na sheria imebaki ileile: usimsubiri.

Sasa twende kwa Chopin. Alifika Paris mwaka 1831, na barua zake za wakati huo zimejaa sifa za waimbaji wa opera ya Kiitaliano, wakiwamo Rubini, Pasta na Malibran. Wanafunzi wake aliwahimiza wakawasikilize waimbaji wakubwa, na hata wajifunze kuimba wenyewe. Nokturno yako ilichapishwa mwaka 1832, na ukiitazama utaona kwamba melodia inaporudi haiji tupu; kila mara inakuja na mapambo zaidi, kama waimbaji wa Italia walivyozoea kulipamba wazo lililokwisha kusikika. Mkono wa kulia wa nokturno ni mwimbaji, na wa kushoto ni besi yake pamoja na akordi. Mpangilio ni uleule alioujua Tosi, uliohamia kwenye piano.

Ushahidi wa waliomsikia Chopin unakubaliana na hilo. Karol Mikuli, mwanafunzi wake, aliandika katika dibaji ya toleo lake la kazi za mwalimu wake, karibu na mwaka 1880, kwamba Chopin hakuwa na msamaha katika suala la kushika mapigo, na kwamba metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, haikuondoka kwenye piano yake; hata katika rubato, mkono uliosindikiza uliendelea kwa mapigo sahihi, huku mkono ulioimba ukisita kana kwamba haujaamua, au ukikimbilia mbele kama mtu anayezungumza akiwa amejawa na hisia. Wilhelm von Lenz, mwanafunzi mwingine, alinukuu fundisho la Chopin kwamba mkono wa kushoto ndio kiongozi wa okestra, na kwamba haupaswi kulegea. Mwalimu wako wa sasa anafundisha jambo lililotoka chumbani mwa Chopin mwenyewe.

Chopin aliliandika neno rubato katika vipande vichache tu, vyote vya ujana wake. Lipo katika nokturno yako. Nokturno ya opus 15 namba 3 inaanza na maneno "languido e rubato", yaani kwa unyong'onyevu na kwa wakati ulioibwa. Na limo katika mazurka, dansi za Poland, za opus 24, zilizochapishwa mwaka 1836. Baada ya hapo aliliacha. Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi aliyemfahamu kwa karibu, alieleza kwamba neno hilo halikumfundisha kitu aliyejua tayari, na halikumwambia kitu asiyejua. Ninaona Liszt alikuwa na haki. Neno halikuweza kumwonyesha mgeni kipi kisogee na kipi kibaki, na kosa la mwalimu wako wa kwanza, kama ulivyolinukuu, limeingia kupitia mwanya huohuo.

Tukiangalie kipimo cha kwanza cha nokturno yenyewe, maana hapo ndipo utaelewa vizuri kuliko kwa maelezo yangu yote. Kila kipimo kina sehemu ndogo kumi na mbili, zilizopangwa katika makundi manne ya tatu tatu. Mkono wa kushoto unapiga nota moja ya chini, kisha akordi mbili, halafu nota ya chini tena na akordi mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa kipimo. Nota za chini, basi, zinaangukia sehemu ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10. Kwa kuwa umekulia kwenye kwaya, nitakutajia melodia kwa solfa, do ikiwa E bemoli. Kabla ya kipimo kuanza kuna so moja fupi, inayoruka juu hadi mi. Mi hiyo inashika sehemu nne nzima. Sehemu ya 5 ni re, ya 6 ni mi, kisha re nyingine inashika ya 7 hadi ya 9, do inashika ya 10 na ya 11, na ya 12 ni so inayokupeleka kwenye kipimo cha pili.

Piga mkono wa kushoto peke yake pamoja na metronomu, mara nyingi, mpaka uweze kuzungumza na mtu bila kuupoteza. Chopin aliweka kasi ya sehemu ndogo 132 kwa dakika. Wapigaji wengi wa leo huenda polepole kuliko hapo, nawe kwa mazoezi anza polepole zaidi bila wasiwasi. Mkono ukishatulia, usiongeze wa kulia bado. Imba. Imba ile mi ndefu, na inapofika sehemu ya 5 usiiachie mara moja. Ishikilie kidogo, kiasi kwamba akordi ya mkono wa kushoto isikike wakati wewe bado uko kwenye mi. Kisha re na mi zinazofuata zipitie katika nafasi iliyobaki, kwa wepesi lakini bila kuzimeza, ili re ya sehemu ya 7 isikike sawasawa na nota ya chini ya mkono wa kushoto. Hapo umeiba na umerudisha. Mi ndefu ndiyo iliyoiba, re na mi fupi ndizo zilizoibiwa, na kwenye sehemu ya 7 hesabu imekaa sawa bila metronomu kulalamika.

Ukishindwa mara za kwanza, shida haitakuwa kwenye mkono wa kulia. Itakuwa kwamba mkono wa kushoto umesikia mwenzake akichelewa nao ukachelewa kwa huruma, jambo lilelile lililomkera Mozart. Rudi nyuma, upige wa kushoto peke yake, imba tena. Baada ya siku kadhaa jaribu kinyume chake: do ya sehemu ya 10 itangulie kidogo, kisha ikae kwa muda mrefu zaidi kabla ya so. Kutangulia ni wizi vilevile, na katika sehemu zenye msukumo kunafaa kuliko kuchelewa. Unajifunzia kipimo cha kwanza kwa sababu ni rahisi; ustadi ukishaingia, upeleke pale penye maneno yenyewe karibu na mwisho, na ukumbuke kwamba pameandikwa poco.

Maana ya pili ya rubato ni ile ya mwendo mzima kunyumbuka, mikono yote miwili ikikaza na kulegea pamoja. Kitendo chenyewe ni cha zamani kuliko neno. Girolamo Frescobaldi, mtunzi wa Italia, katika dibaji ya toccata zake (vipande huru vya kinanda) za mwaka 1615, aliwaagiza wapiga kinanda wasishike mapigo ya namna moja, bali waende mara polepole, mara haraka, kulingana na hisia, kama ilivyokuwa katika madrigali, yaani nyimbo za sauti kadhaa, mpya za siku zake. Claudio Monteverdi, mtunzi mwenzake wa Italia, katika madrigali zake za mwaka 1638, aliagiza kwamba maombolezo ya msichana aliyeachwa na mpenzi yaimbwe kwa mapigo ya hisia za moyo, si kwa mapigo ya mkono. Wala hawakuliita jambo hilo rubato. Jina lilikihamia kitendo hicho baadaye, katika karne ya 19, wakati wapiga piano na viongozi wa okestra walipolitumia kwa kila aina ya kunyumbua mwendo, hata maana ya Tosi ikabaki kujulikana na wachache.

Mtu aliyeitetea maana hii mpya bila kuficha ni Ignacy Jan Paderewski, mpiga piano wa Poland ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa nchi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliandika makala juu ya tempo rubato, akasema anaiheshimu nia njema ya mafundisho ya kurudisha kilichoibwa, lakini maadili yake hayafiki juu kiasi hicho, kilichopotea kimepotea. Waweke Tosi na Paderewski mezani pamoja na utaona kwamba wanazungumzia vitu viwili. Tosi ana besi inayomdai. Paderewski anasogeza kila kitu, kwa hiyo hakuna aliyebaki kumdai. Mimi siikatai rubato ya Paderewski; kuna muziki mwingi wa mwisho wa karne ya 19 ambao bila hiyo hausimami. Ninachokikataa ni kuitumia pale mtunzi alipoweka mkono mmoja uhesabu kwa ajili ya mwingine.

Iko pia namna nyingine, ambayo haikutoka kwa waimbaji. Charles Hallé, mpiga piano na kiongozi wa okestra, anasimulia kwamba alipomsikia Chopin akipiga mazurka zake, alihisi kana kwamba zina mapigo manne, ingawa zimeandikwa kwa matatu. Chopin alikataa, mpaka Hallé alipomfanya apige tena huku yeye akihesabu manne kwa sauti, na hesabu ikakubali. Chopin akacheka, akaeleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya dansi ya kwao. Kurefusha pigo moja ndani ya mazurka, basi, ni lafudhi ya dansi ya Poland, na usiipeleke kwenye nokturno.

Kabla sijafika kwenye kwaya, kuna mahali pengine katika kipande chako panapochanganywa na rubato. Karibu kabisa na mwisho mkono wa kulia unabaki peke yake na kundi la nota nne linarudiwa mara nyingi, juu yake pameandikwa "senza tempo", yaani bila mapigo. Hapo hakuna mkono unaohesabu, kwa hiyo hakuna wa kuibiwa, na ule uhuru alioutaja mwalimu wako wa kwanza unapata nafasi yake halali. Vivyo hivyo "ritardando" inaamuru muziki wote upunguze mwendo, na "a tempo" inaurudisha kwenye mwendo wake. Mtahini mzuri atasikia kama unatofautisha maagizo haya.

Kuhusu kwaya, jibu langu ni kwamba wewe kama msindikizaji huibi. Wewe ndiye unayehesabu. Katika nyimbo za kusanyiko usiguse rubato kabisa, kwa sababu watu mia wanaoimba pamoja wanaegemea vidole vyako, na ukichelewa wewe watachelewa wote, kila mmoja kwa kiasi chake. Katika wimbo wenye mwimbaji wa peke yake, sikiliza kwanza anachelewesha namna gani. Akiichelewesha nota moja kisha akarudi kwako kwenye pigo zito, mwache, endelea na mwendo wako. Huyo anajua anachokifanya, na ukimsubiri utamvuruga. Akisimama kupumua mwishoni mwa mstari, au mwalimu wa kwaya akionyesha kwa mkono kwamba mwendo unapungua, hapo mnapungua pamoja. Na ukikuta kwenye karatasi ya nota maneno "colla voce" au "colla parte", mtunzi amekuagiza uache kuhesabu na uifuate sauti: weka macho kwa mwimbaji, akordi yako ishuke pamoja na silabi yake, na uendelee hivyo hadi utakapoiona "a tempo".